NYUMBA YA ZAMANI NA HAKI YA ALIYETOKA

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mtu akipata pesa kidogo hapa Likasi, ndoto yake ni nyumba ya zamani ya matofali, iliyojengwa wakati mji ukiitwa Jadotville: baraza pana, kuta nene, lupango yenye miembe. Komisioneri anakuambia bei ni rahisi, mwenyewe ana haraka, karatasi ziko sawa. Unaangalia kama malata yanavuja, unafungua bomba, unalipa. Hata mbuzi wa Idi tunamfungua mdomo tuone meno yake!

Leo tunakuomba uulize jambo moja zaidi: aliyekaa humo mwaka 1992 alitoka namna gani?

Wazee wanajua kwa nini tunataja mwaka huo. Majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walilala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni, wengine kwa miezi, na wengi walifia hapo au njiani. Wengi wao walizaliwa hapahapa. Babu zao waliletwa na Union Minière kufanya kazi. Nyumba hazikupanda treni. Nyingine zilivamiwa, nyingine ziliuzwa kwa siku moja kwa bei ya kutupa.

Utasema: nina sertifika. Kweli, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema cheti kikitimiza miaka 2 hakivunjwi tena. Mwenye madai anabaki kudai fidia tu. Sheria hiyo inaleta utulivu mjini, hatuilaumu. Lakini Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Ummu Salama (r.a.), alitahadharisha kwamba yeye anahukumu kwa anayoyasikia, na akimpa mtu haki ya nduguye kwa sababu ya ufasaha wa maneno, mtu huyo asiichukue, kwani ni kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haigeuzi haramu kuwa halali, muhuri wa ofisi ya ardhi utaigeuza?

Wapo wanaosema: tukirudi nyuma hivyo tutafika wapi? Kabla ya Mkasai alikuwepo Mbelgiji, au Mgiriki aliyenyang'anywa baada ya tangazo la Mobutu la Novemba 1973; na kabla yao ardhi ilikuwa ya wakulima ambao hakuna aliyewauliza. Swali hili si la kudharau. Sisi tunaona hivi: hudaiwi historia yote, unadaiwa na mtu aliye hai unayeweza kumpata. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwenye ile gare leo ni mtu mzima. Yuko Mbuji-Mayi, au alisharudi na anapanga chumba Kikula.

Hali nazo si moja. Nyumba iliyovamiwa ni ghasbu: haki ya mwenyewe haikuondoka, hata ikiuzwa mara tano. Aliyeuza huku mwenye panga amesimama mlangoni hakuridhia, na mauziano bila ridhaa si mauziano. Lakini aliyeuza kwa dhiki tu, pasipo kulazimishwa, wanazuoni wengi wameikubali biashara yake, ingawa kumkandamiza bei kwa dhiki yake ni ubaya. Huwezi kujua ya kwako ni ipi mpaka uulize.

Uliza akina mama wazee wa barabara ileile. Uliza shefu wa kartiye. Omba kuona jina lililo kwenye cheti cha zamani, siyo cha mwisho tu. Ukigundua ni ghasbu, iache, hata kama umeshatoa avansi.

Na wewe uliyenunua bila kujua, na watoto wamezaliwa humo? Hapa hatuna maneno mepesi. Tafuta jamaa za yule mtu, tuma salamu kwa wanaosafiri Kasai, mpatane kwa nyumba au kwa malipo. Wasipopatikana kabisa, wapo wanazuoni waliosema thamani itolewe sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea achague: thawabu ya sadaka ile au mali yake. Andika jina lake kwenye karatasi, liweke pamoja na sertifika, watoto wako walikute hapo.