Kesi ni ya Nani?

Tuseme ni saa moja jioni na dada mmoja wa chuo anavuka Thika Road kwa daraja la juu, yale ambayo taa zake huwaka zikitaka. Vijana wawili wanamfuata. Mmoja anamkaba shingo, mwingine anachukua simu. Mkubwa ana miaka 19, mdogo 16.

Hiyo kesi ni ya nani?

Unaweza kuona ni swali la kijinga. Simu ni ya dada, kwa hivyo kesi ni yake. Lakini angalia vile mambo huenda. Akipiga nduru "mwizi!" na watu wakajaa, kesi inakuwa ya umati hapo hapo. Hakuna anayemuuliza anataka nini. Wengi wanaorusha mawe hawajui hata kilichoibwa. Wanalipiza simu yao ya mwaka jana, mtungi wao wa gesi, viatu vilivyoanikwa nje vikapotea. Tairi likishaletwa, hata dada akisema basi, imetosha, nani atamsikia?

Akienda kituoni, kesi inakuwa ya Jamhuri. Kichwa cha faili kitasema Jamhuri dhidi ya fulani, na yeye atakuwa shahidi wa kuitwa, kuahirishiwa, kurudi na kuahirishiwa tena, nauli ikitoka mfukoni mwake. Simu ikipatikana inageuka kielelezo.

Na sheria yenyewe haina mchezo. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyeiba kwa nguvu akiwa na silaha, au akiwa na mwenzake hata mmoja, au akimpiga ama kumjeruhi mtu, adhabu yake ni kifo. Isome tena hiyo "au". Kuwa wawili kunatosha. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini maandishi bado yapo, na yule wa 19 anasimama chini yake. Yule wa 16 ni mtoto kisheria, kwa hivyo hawezi kuhukumiwa kifo. Yeye anaweza kujipata Shikusa au Shimo la Tewa, borstal za wavulana, kwa miaka 3. Walifanya kitu kimoja, jioni moja, kwa mikono minne.

Mwaka wa 1977 mtaalamu wa uhalifu kutoka Norwe, Nils Christie, alichapisha insha fupi ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kama Migogoro ni Mali. Ajabu ni kwamba haanzii kwao. Anaanzia kijijini Arusha, Tanzania, kwenye kikao cha uchumba uliovunjika. Kilichomshika ni mahali watu walipokaa: wenye ugomvi katikati, jamaa na marafiki karibu nao, majirani wamejaa chumbani, na waamuzi hawasemi sana. Akalinganisha na korti za kwao, ambako wenye ugomvi huwa pembeni na wataalamu ndio katikati. Hoja yake ni kwamba ugomvi ni mali ya watu, na wanasheria wameuchukua. Kwa hivyo aliyeibiwa ameibiwa mara mbili. Mwizi amechukua simu, na dola imechukua kesi.

Wazo hilo limelala ndani ya kile kinachoitwa leo haki rejeshi. Mwaka wa 1974, mji wa Elmira nchini Kanada, vijana wawili walikuwa wameharibu mali za watu 22 usiku mmoja. Afisa wa uangalizi alipendekeza, na hakimu akakubali, wapelekwe mlango kwa mlango wakaonane na wenyewe na kupanga jinsi ya kulipa. Nyuzilandi, mwaka wa 1989, iliweka kikao cha familia katikati ya sheria yake ya vijana, kwa sehemu kwa sababu Wamaori walikuwa wamechoka kuona watoto wao wakibebwa na serikali.

Sasa nasikia mtu akisema: aah, si hii ni kumalizana nyumbani tu? Tunaijua. Mzee wa mtaa, viti vya plastiki, mama wa kijana analia, baba wa msichana anakohoa, elfu chache zinapita mkono hadi mkono, watu wanakunywa chai. Dada yuko jikoni. Ndiye anapika hiyo chai.

Hapo kesi imeibwa mara ya tatu, na walioiba ni watu wake. Kaskazini mwa Kenya wanaharakati wamelia kwa miaka kuhusu ubakaji unaomalizwa kwa maslaha, familia zikielewana huku aliyeumizwa hana sauti. Katiba ya 2010 iliona pande zote mbili: Kifungu cha 159 kinaziambia korti zihimize upatanisho na njia za kijadi, halafu kinaongeza kwamba njia hizo zisivunje haki za binadamu. Watetezi wa vikao hupenda kusoma nusu ya kwanza.

Ndiyo maana nachoka na vile haki rejeshi hutetewa huku mjini. Utasikia: kijana ni maskini, jela itamharibu, tumpe nafasi. Yote ni kweli. Lakini dada yuko wapi hapo? Amegeuzwa dawa ya kijana. Anaitwa aje alie kidogo ili mtu mwingine apone.

Mimi ningeanza na maswali ambayo huyo dada hulala nayo. Mlinifuata kutoka wapi? Mnajua ninapokaa? Mlifungua picha zangu? Kwa nini mimi? Korti haihitaji majibu hayo ili kumtia mtu hatiani, kwa hivyo mara nyingi hayaulizwi. Tena wakili mzuri atamwambia kijana anyamaze, na ni haki yake. Kwenye kikao cha kweli hawezi kunyamaza. Anaulizwa na mtu ambaye shingo yake aliishika, na mamake mwenyewe ameketi kando anasikia. Anayesema huo ni mteremko hajawahi kuwa na miaka 16.

Sheria ya Watoto ya 2022, ile iliyopandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12, inaruhusu mtoto aliyekiri bila kulazimishwa kuondolewa kwenye njia ya korti. Si kila kosa litapita mlango huo, na ukabaji unaweza kukwama hapo. Yule wa 19 hata hafiki mlangoni.

Halafu kuna pesa, jambo ambalo wanafalsafa hulipita mbio. Simu italipwa na nani? Ikiwa ni mama anayefulia watu nguo, basi tumemwadhibu mama na kijana ameenda kucheza mpira. Lazima alipe mwenyewe, kwa kazi yake, polepole, hata kama ni kuosha matatu Jumamosi kwa miezi. Na mtu lazima amsimamie, na huyo mtu alipwe mshahara, kwa sababu kikao kisicho na bajeti kinarudi kuwa viti vya plastiki.

Na dada akisema hataki kumwona kijana huyo, amesema. Asitumiwe shangazi wa kumbembeleza, asiletewe mchungaji na hesabu ya saba mara sabini. Kesi iende kortini, na kijana aulizwe maswali mengine na watu wengine.