RAFIKI ANAYEKUTEGEMEA NA MCHUMBA ANAYENGOJA
Somo: Ruthu 3:1-17

Hapa kwetu Utange utamkuta kijana anayemlipia rafiki yake kodi, unga, hata nauli ya kwenda mjini kutafuta kazi. Mchumba akiuliza, "Harusi lini?" anajibu, "Nikimwacha huyu ataishi vipi?" Miaka inapita, na binti wa watu anangoja.

Mimi nilisomea biashara. Mzigo usioandikwa kwenye bajeti ndio unaofunga duka.

Ruthu alimlisha Naomi kwa masuke aliyookota shambani. Lakini Naomi hakumfungia ndani. Yeye anayetegemea ndiye aliyemtafutia Ruthu ndoa! Naye Boazi alijua kuna mama nyumbani, akapima vipimo 6 vya shayiri, apelekewe.

Kwa hiyo ndugu yangu, usimfiche mchumba wako. Kaeni chini wote watatu mpange: msaada kiasi gani, mpaka lini. Kama rafiki ni mgonjwa, mchumba ajue mapema kwamba msaada utaendelea. Nawe unayesaidiwa, uwe Naomi: mwombee rafiki yako ndoa, kisha mfungulie mlango. Amina.