Chungu Twakipenda, Mfinyanzi Je?

Hapa Majengo ya Goma mtoto huzaliwa juu ya jiwe. Apige jembe mahali popote, litalia. Mlima Nyiragongo ndio uliotandika mawe hayo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake ulipita katikati ya mji hata ukaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama Buhene, karibu na nyumba za watu. Kwa mawe hayo twajenga kuta, na juu yake twasimamisha nyumba zetu za mbao. Basi mtu akisema kwamba watoto wa mahali kama hapa wafundishwe shuleni kazi ya kufinyanga, wengi watacheka. Udongo wenyewe uko wapi?

Twaomba tusicheke upesi. Udongo waweza kuletwa kwa gari kutoka mabondeni, kama viletwavyo viazi na mbao. Liko swali jingine lililo zito zaidi, nalo ni swali la haki.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Watu hudhani kufinyanga ni mchezo wa matope. Sivyo. Mfinyanzi huchagua udongo wake, huutoa mawe na mizizi, huukanda mpaka hewa itoke, huuchanganya na mchanga au vigae vilivyopondwa ili chungu kisipasuke motoni. Kisha huusokota kama kamba, akaizungusha duara juu ya duara, akalainisha kwa kipande cha kibuyu. Chungu hukaushwa kivulini, pole pole, maana udongo ukipoteza maji hujikunyata, na ukikauka upande mmoja upesi hupasuka. Mwisho ni moto. Joto likifika kadiri ya digrii 600, udongo hugeuka hali: hata ukilowekwa mwaka mzima, haurudi tena kuwa tope.

Tazameni basi: humo mna hesabu, mna kemia, mna uzuri. Tena mna saburi. Karatasini kosa hufutwa, motoni halifutiki. Mtoto aliyefanya kazi kwa haraka, moto utamwambia mbele ya wenzake wote. Kwa hiyo hatushangai kwamba shule ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1943 na Bruda Marc-Stanislas Wallenda, ambayo leo ni Akademia ya Kinshasa, iliutia ufinyanzi katika masomo yake.

Wengine watasema: plastiki imekwisha kushinda. Ni kweli, bidoni ya manjano ni nyepesi wala haivunjiki. Hakuna mama atakayerudi kuchota maji kwa mtungi, wala hatumwombi arudi. Lakini udongo una kazi nyingine. Katika miaka ya 1980 mafundi wa Kenya walianza kutengeneza jiko la bati lenye tumbo la udongo uliochomwa, ambalo hutunza joto na kupunguza makala. Jiko la namna hiyo limeenea katika nchi nyingi za Afrika. Kwetu Goma, ambako kila nyumba ina mbabula yake na makala mengi hutoka katika misitu ya Virunga, jambo hilo si dogo. Mwanafunzi anayejua sababu ya udongo kutunza joto ataweza kuisaidia nyumba yake na msitu pia.

Sasa tufike penye kiini. Nani atafundisha?

Katika Rwanda, Burundi na sehemu za Kivu, kazi hii tangu zamani imejulikana hasa kuwa kazi ya Watwa. Watu walinunua vyungu vyao, wakapikia maharagwe, wakawapakulia wageni wa heshima. Lakini wengi hawakukubali kula na Mtwa mwenyewe, wala kunywa naye katika chombo kimoja. Ajabu gani hii! Kinywa kilikubali chungu, kikamkataa aliyekifinyanga. Na dharau hiyo haijafa. Wahenga walisema: Mfinyanzi hulia gaeni. Sisi husema methali hiyo tukitabasamu, kana kwamba mfinyanzi ni mzembe. Yafaa tujiulize: nani aliyemwachia kigae? Nasi tunaoandika haya tumekula vyakula vya vyungu hivyo bila kuuliza jina la mtu.

Shule ikianzisha somo hili, huenda itatafuta mwalimu mwenye diploma. Naye atamwendea mama wa Kitwa, ataitazama mikono yake siku mbili, ataandika daftarini, kisha atarudi kufundisha. Mama yule atabaki nje ya mlango. Je, huo si wizi?

Mtu atajibu kwamba ujuzi haupungui ukigawiwa, kama vile jirani akiomba kaa la moto, meko ya mwenyewe hayazimiki. Twakubali; ujuzi haufungwi sandukuni. Lakini hata mwenye kuomba moto hupiga hodi, hushukuru, wala hamfukuzi mwenye moto mekoni pake.

Mwingine atasema: mama huyo hajui kusoma, darasa litamdharau. Tumkumbuke Ladi Kwali wa Nigeria. Alijifunza kufinyanga utotoni kwa shangazi yake. Mwaka 1954 aliingia katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, kilichoongozwa na Mwingereza Michael Cardew, naye akawa mwalimu wa wengine. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, na sura yake imechorwa kwenye noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya, aliyekuwa akisoma Uingereza, alikwenda Abuja miaka ya 1970 kujifunza kwa wanawake wa huko. Leo kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Hata Nabii Yeremia, ilipompasa kufundishwa, alitumwa ashuke nyumbani kwa mfinyanzi.

Wala tusiseme kwamba heshima ya namna hii haiwezekani kwetu. Chukudu ilitengenezwa na watu wasio na shahada, kwa mbao na akili yao, nasi tumeisimamishia sanamu katikati ya mji.

Basi twasema hivi. Udongo uletwe. Mama mfinyanzi aitwe, asimame mbele ya darasa, aitwe mwalimu, alipwe kama walimu wenzake. Mwenye diploma akae karibu naye, amsaidie kueleza sababu za mambo. Na chungu cha kwanza kitakachotoka motoni kipikiwe maharagwe, mwalimu na wanafunzi na wazazi wale pamoja.

Udongo upatize uli maji. Watoto wetu wangali laini. Wakituona leo tukila na mfinyanzi, kesho watakula naye bila kuambiwa.