Macho Hayana Pazia?

Wahenga walisema macho hayana pazia. Maana yake, kitu kikipita mbele yako huwezi kulaumiwa kwa kukiona. Nimekua na methali hii, na kwa muda mrefu niliiona haina kasoro. Mwizi ni yule anayechukua, mharibifu ni yule anayevunja. Sasa anayetazama tu kakosa nini? Leo, ndugu msomaji, nataka tuibishie kidogo methali hii, maana mimi ilinisaliti ukingoni mwa Mto Mara.

Mimi ni mtoto wa Matongo, Tarime. Huku mjini nikitaja kwetu washikaji hudakia, "Ahaa, Nyamongo kwenye dhahabu!" Ni kweli, mgodi wa North Mara uko pale pale. Lakini tuna jirani mwingine wa zamani kuliko mgodi, nao ni mto. Mto Mara unaanzia kwenye misitu ya Mau kule Kenya, unapita Maasai Mara, unakatiza kaskazini ya Serengeti, kisha unatufikia sisi wenye ng'ombe na mihogo kabla ya kumwaga maji Ziwa Victoria karibu na Musoma. Maji ni yale yale. Kule juu watu wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuyatazama. Huku chini sisi tunanyweshea mifugo.

Agosti 2023 nilikuwa fildi, yaani mazoezi ya vitendo ya chuo cha utalii, kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Nilipangiwa gari la dereva mzoefu, kazi yangu ikiwa ni kukaa mbele na darubini na kutafuta wanyama. Tulikuwa Kogatende. Mnamo saa nne asubuhi nikaona vumbi: nyumbu kama elfu moja hivi wanateremka mtoni. Nikachukua redio koli nikatangaza, tena kwa mbwembwe, maana kijana mgeni kazini anapenda asikike. Ndani ya robo saa magari yakajaa. Nilihesabu 31, nikaacha. Kila dereva alitaka wageni wake wapate picha. Gari hili likasogea hatua mbili, la jirani likasogea tatu. Mwisho wa yote tukawa tumeziba njia ya kushukia majini.

Nyumbu wa mbele walikuwa wameshaingia. Wa nyuma wakashtuka, wakageuka. Ndama mmoja akabaki katikati ya mto, hajui aende ng'ambo gani. Akazunguka, akatazama huku kwetu, akazunguka tena. Mamba hakuwa na haraka. Kwenye gari letu mgeni mmoja alilia. Mwingine alinipa tipu ya dola 20, akaniambia nina macho makali.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia baba mdogo. Huyu mzee ni mfugaji na ana deni lake na hifadhi: mwaka mmoja kabla ya hapo ng'ombe wake sita waliingia usiku kuchunga ndani ya mpaka, wakakamatwa, akalipa faini. Hakuwahi kulalamika kwamba ameonewa. Alikosa, na alijua. Aliposikia habari ya ndama akaniuliza:

"Mura, ng'ombe wangu walikula nyasi, na nyasi zimeshaota tena. Ninyi mlikula nini?"

"Hatukula kitu, baba. Tulikuwa tunatazama tu."

"Sasa yule ndama kaliwa na nani?"

"Na mamba."

Mzee akacheka. "Mamba hakuwa na redio."

Basi tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, kutazama ni jambo lisilo na uzito? Na kama lina uzito, nani anaubeba?

Tuanzie mbali. Kule Svalbard, visiwa vya Norwei karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya dunia, watalii huenda kwa meli kutazama barafu na dubu weupe. Julai 2018 meli moja ya kitalii iliteremsha watu ufukweni. Mlinzi, aliyetangulia kuhakikisha usalama wa wageni, akavamiwa na dubu na kujeruhiwa. Dubu akapigwa risasi, akafa. Hakuna aliyekwenda pale kuua dubu. Walikwenda kutazama. Tangu Januari 2025 Norwei imebana kanuni: meli zinazoingia maeneo yaliyohifadhiwa zisizidi abiria 200, na dubu asisogelewe chini ya mita 300, tena mita 500 kuanzia Machi hadi Juni. Yaani serikali imekubali kwamba jicho nalo lina mguu, na mguu huo lazima uwekewe mpaka.

Turudi kwetu. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, boti huwapeleka wageni kuogelea na pomboo. Watafiti waliowafuatilia waligundua kwamba boti za watalii zikiwa karibu, pomboo hupunguza muda wa kupumzika. Wanahamahama tu. Hebu fikiria wewe unalala, na kila ukifumba macho mtu anafungua mlango kukuangalia jinsi unavyolala vizuri. Hajaiba hata kijiko, lakini asubuhi umechoka.

Na kwenye mto wetu, Julai 2025 video zilisambaa duniani zikionyesha watalii wameshuka magarini upande wa Serengeti na kusimama kwenye njia ya nyumbu. Watu wengi walikasirika, mamlaka zikaahidi hatua. Mimi nilitazama video ile nikanyamaza. Hasira ningeitoa wapi, wakati mwaka 2023 nilishika redio mimi mwenyewe?

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu, maana upande wa pili una hoja nzito. Pale Kizimkazi, kabla ya watalii, wavuvi walikuwa wakiwachoma pomboo vyusa ili wapate chambo cha papa. Kilichopunguza mauaji yale ni hao hao wageni na fedha zao, kwani pomboo hai akawa na faida kuliko pomboo wa chambo. Serengeti nayo haijilindi yenyewe. Askari wanaozuia nyaya za majangili wanahitaji mishahara. Kwa hiyo anayesema "watalii wote warudi kwao" hajatuambia siku inayofuata tutafanya nini. Nami sijui chuo changu kingenifundisha nini.

Kuna hoja nyingine, na hii ndiyo iliyonisumbua zaidi. Nyumbu hufa Mto Mara kila mwaka, tuwepo tusiwepo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba wastani wa nyumbu 6,250 huzama humo kwa mwaka. Mizoga yao hulisha samaki, mamba na tumbusi, na mifupa yao huendelea kuulisha mto kwa miaka. Sasa kati ya 6,250, ndama wangu mmoja ni nini?

Nilijaribu kujifariji kwa hesabu hiyo, ikashindikana. Mto hauna uchaguzi. Maji yakijaa yamejaa. Mamba akiwa na njaa ana njaa. Mimi pale nilikuwa na uchaguzi, tena mwepesi mno: kunyamaza dakika kumi. Kosa halipimwi kwa wingi wa maiti peke yake. Linapimwa pia kwa urahisi ambao ungeweza kuliepuka.

Na tiketi je? Mgeni amelipa kwa dola, kampuni imelipa, kila kitu halali. Hapa ndipo swali la baba mdogo lilipo. Yeye alihukumiwa kwa sababu ng'ombe wamekanyaga mahali pasipo pao. Sisi tulikuwa na risiti. Lakini risiti inanunua nini? Naona inanunua nafasi ya kutazama. Hainunui njia ya nyumbu, kama vile tiketi ya mpira hainunui ruhusa ya kuingia uwanjani na kushika mpira. Tukisahau hilo, tofauti yetu na mfugaji inabaki moja tu: sisi tumelipa kabla, yeye amelipa baada.

Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, mkoa wetu huu huu wa Mara, aliwekwa kwenye kumbukumbu akisema kwamba yeye binafsi si mtu wa kutumia likizo yake kutazama mamba, ila anaunga mkono kabisa waendelee kuishi. Hakuficha kwamba alitarajia pia mapato. Chuoni tulikuwa tukiicheka kauli hiyo, tukisema mzee hakujua starehe. Siku hizi siicheki. Kutaka kiumbe aishi ni jambo moja. Kutaka kumwona ni jingine, na la pili linapenda kuvaa nguo za la kwanza. Kipimo ninachokijua ni hiki: je, ungefurahi wavuke salama hata kama wewe usingewaona?

Msimu wa 2024 nilirudi Kogatende, safari hii kama kibarua. Nikaona vumbi tena. Mkono ukaenda kwenye redio, nikaurudisha. Nikamwomba dereva tusimame mbali, azime injini, tuwaache washuke kwanza. Tulikaa saa nzima na zaidi. Kundi likasita, likapanda juu ya mto, likavukia nyuma ya kona. Sisi tuliambulia vumbi na kelele. Wageni waliuliza kama ndiyo imekwisha. Tipu hakuna, na karo ya mdogo wangu ilikuwa inadaiwa wiki ile. Siahidi kwamba nitaweza kila mara.

Nilipompelekea baba mdogo habari alikuwa anakamua.

"Walivuka?" akauliza.

"Walivuka."

"Uliwaona?"

"Sikuwaona, baba."

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kukamua.