Kabati na Ufunguo Wake

Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa na kabati la vitabu ofisini, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwangu. Vitabu vilikuwa vichache, nami nilichelea visije vikachanwa na wanafunzi. Siku nilipolifungua nilikuta mchwa wamekwisha kuvimaliza. Aibu ile ninayo hadi leo.

Hivi karibuni magoti yalipoanza kunisumbua, mjukuu wangu anayesomea baiolojia alinisimulia habari za wataalamu wanaochunguza uzee. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kuwa seli za binadamu zinazokuzwa maabarani hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kuwa badiliko la jeni moja tu huweza kumfanya mnyoo wa milimita moja aishi zaidi ya mara mbili ya umri wake wa kawaida. Nikamwomba anisomee makala mojawapo ya wataalamu wa uzee. Akahangaika na simu yake, kisha akasema, "Babu, hii imefungwa. Wanataka dola." Nikalikumbuka kabati langu.

Nauliza basi: elimu ya uzee ni mali ya nani? Sehemu kubwa ya uchunguzi huu hulipiwa kwa kodi za wananchi. Mtaalamu anayeandika makala kwa kawaida halipwi na jarida, wala wenzake wanaoikagua. Iweje msomaji atozwe tena mlangoni? Mwaka 2002 wasomi waliokuwa wamekutana Budapest walitoa tamko wakitaka makala za utafiti zisomwe bure na watu wote. Jarida la Aging Cell, linalohusu uzee, husomwa bure tangu 2014.

Lakini mgala muue na haki yake mpe. Kuhariri na kuhifadhi makala kuna gharama, na kwa majarida mengi mzigo umehamia kwa mwandishi. Mwaka 2020 wachapishaji wa Nature walitangaza ada ya hadi euro 9,500 kwa makala moja. Yapo majarida yanayowasamehe ada watafiti wa nchi maskini. Hata hivyo, msamaha ni hisani ya mwenye mlango, si haki ya anayebisha. Tukimfungulia msomaji huku tunamfungia mwandishi, tumehamisha kufuli tu.

Tena wapo wachapishaji walaghai wanaopokea ada na kuchapisha lolote bila kulikagua. Nasi wazee ni rahisi kudanganywa, maana nani hapendi kurudishiwa magoti yake? Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, husema kwamba mambo haya yaachiwe wataalamu. Simlaumu, maana mnyoo si mtu, na asiyelijua hilo atanunua dawa ya uongo. Ila mimi nilifundisha walimu miaka mingi, na sikupata kuona mwanafunzi aliyejifunza kupambanua kweli na uongo katika kitabu kilichofungiwa kabatini. Kupambanua hufundishwa kitabu kikiwa wazi mezani, mwalimu yu karibu.

Kwa hiyo nasimama upande wa milango iliyo wazi, ya msomaji na ya mwandishi, ada ilipwe na wale wanaogharimia utafiti wenyewe. Kitabu kilichochanwa na wasomaji huweza kushonwa. Vile vyangu nilivizoa kwa ufagio.