Ni Nani Anayesikia?

Katika maswali yaliyowashughulisha wanafalsafa tangu zama za kale, limo hili ambalo kwa wepesi wake mtu aweza kulipita bila ya kulitazama mara mbili: je, tunapomsikia mtu akisema, twasikia kitu kimoja, au vitu vingi vilivyokusanyika? Mwenye kusikiliza taarabu atajibu papo hapo kwamba asikia yote mawili, kwa kuwa sauti ya mwimbaji humjia ikiwa moja na kamili, ilhali udi, fidla na ganuni humjia mbalimbali, kila ala na sauti yake. Lakini jibu hilo, lililo jepesi ulimini, limekuwa zito tangu wataalamu walipoanza kupekua yaliyomo ndani ya sikio.

Hewa iingiayo sikioni haina ganuni wala mwimbaji. Ni mtetemo mmoja tu, unaokisukuma na kukivuta kiwambo kimoja, na vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, huupokezana mtetemo huo hadi kwenye mfereji uliojaa maji, uliojiviringa mizunguko miwili na nusu, ambao lau ungenyooshwa ungekuwa milimita 35 hivi. Ndani ya mfereji huo umetandazwa utando, na katika utando huu ndimo ilimo hekima ambayo kila niifikiripo hunishangaza: penye mlango wake, karibu na kikuku, ni mwembamba na umekazika, na kadiri uendavyo ndani hupanuka na kulegea, hata sauti nyembamba kabisa, ya mitetemo 20,000 kwa sekunde, huutikisa pale pale mlangoni na kuishia hapo, na sauti nene, ya mitetemo 100, husafiri mbali ikautikisa kule ulikolegea. Juu yake zimepangwa seli zenye vinywele, na zile za safu ya ndani, zipatazo 3,500, ndizo hasa zinazoipasha habari mishipa ya fahamu, kila moja kwa mahali pake.

Joseph Fourier wa Ufaransa alikwisha kuonyesha mwaka 1822, katika kitabu chake juu ya joto, kwamba mawimbi yaliyotatizana yaweza kuchanguliwa yakawa mawimbi sahili mengi. Naye Hermann von Helmholtz wa Ujerumani, mwaka 1863, akashikilia kwamba sikio hufanya kazi iyo hiyo, kana kwamba lina nyuzi za piano ndani yake. Aliyetazama kwa macho ni Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest, mtumishi wa maabara ya simu na posta ya Hungaria, ambaye aliyafungua masikio ya maiti ndani ya maji, akayanyunyizia chembe za fedha, akayamulika kwa taa ya kumetameta, akaona, badala ya nyuzi zitikisikazo moja moja, wimbi litokalo mlangoni, likipanda hadi kilele mahali panapolihusu, kisha likazimika. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Nobel mwaka 1961.

Basi sikio huchangua. Sauti ya mama amwitaye mwanawe, iliyokuwa mtetemo mmoja hewani, ifikapo kwenye mishipa imekwisha kuwa vipande, kila kipande na njia yake, wala hapana mahali popote sikioni ambapo sauti ile ipo nzima kama aisikiavyo mwana. Wako wasemao kwa haraka kwamba, madhali kusikia ni mitikisiko ya utando, msikiaji hayuko. Mimi naona ushahidi ule ule waelekea kinyume.

Na tuitazame simu, chombo alichokitumikia Békésy. Simu ya waya hupitisha mitetemo iliyo baina ya 300 na 3,400 kwa sekunde, na sauti ya mwanamume mzima aghalabu msingi wake ni mitetemo 100 na ushei. Maana yake, ule msingi wa sauti ya baba hukatwa njiani usifike. Hata hivyo, mwana aliyeko Mombasa akizungumza na babake aliyeko Maskati haisikii sauti ya mtoto. Huisikia ile ile nene aliyolelewa nayo, kwa kuwa zile sauti zilizosalia, za juu yake, zimepangana kwa nisba ambayo fahamu huikamata, na kwayo ikaurejesha msingi usioletwa na waya. Je, tumedanganywa? Hasha! Baba yule kweli ana sauti nene, na fahamu imeishuhudia kweli ambayo ala ilishindwa kuichukua.

Ataniambia mtu kuwa hayo ni kazi ya ubongo. Nakubali, wala simo katika wale waiogopao elimu ya maumbile. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa tabibu, na ile hisi ya pamoja, ambamo yaletwayo na macho, masikio na pua hukutana, aliipa makao sehemu ya mbele ya ubongo, wala hakuona kwamba kukitaja kiungo ni kuikana nafsi inayokitumia. Wanachuoni wetu nao wamefundisha daima kwamba Mwenyezi Mungu ni Msikivu, asikiaye bila ya sikio wala ala yoyote. Na mwenye kuitakidi hivyo amekwisha kukiri kwamba kusikia na ala ya kusikilia si kitu kimoja. Sidai kuwa simu imeithibitisha roho. Nadai kuwa aliyetueleza jinsi sauti ichanguliwavyo bado hajatueleza jinsi inavyokuwa moja, na kulihamisha swali kutoka sikioni hadi ubongoni si kulijibu.

Jambo hili, la fahamu kukamilisha kisicholetwa na ala, huwa dhahiri zaidi kwa wazee. Seli zilizo penye mlango wa ule utando, zishikazo sauti nyembamba, ndizo aghalabu zitanguliazo kufa, nazo kwa mwanadamu hazioti tena, ijapokuwa kwa ndege huota. Ndiyo sababu mzee hukwambia, “Nakusikia, mwanangu, ila silifahamu usemalo”: irabu zamfikia barabara, lakini herufi za kuvumisha pumzi, kama s, f na sh, humpotea, hata *fika* na *shika* zikamjia kwa sura moja. Kumpigia ukelele kwaongeza lile alilo nalo tayari. Umketie mkabala, penye mwanga, umwambie polepole, naye kwa midomo aionayo, kwa mazungumzo yaliyotangulia, na kwa kukujua tangu utotoni, atalikamilisha neno ambalo nusu yake haikuingia sikioni mwake.