Neema na Mlango wa Toba

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mjini Kampala, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ya Idi Amin ilidai kuwa ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbilia ng'ambo, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake liliwashtua wengi: I Love Idi Amin, yaani "Nampenda Idi Amin".

Yafaa basi tujiulize: je, ni haki kumsamehe asiyetubu? Wako wasemao kuwa msamaha wa namna hiyo waidhulumu damu ya waliouawa, na hoja yao ina uzito.

Hata hivyo, sisi walimu wa lugha tunajua kuwa neno toba, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kurejea. Atarejeaje mtu asiye na mahali pa kupokewa? Katika imani ya Kikristo, neema ndiyo mlango ulioachwa wazi kabla mpotevu hajageuza uso wake. Hainunuliwi, wala haimwingizi mtu kwa nguvu.

Kusamehe, kwa hiyo, si kufuta hukumu. Kivengere hakuacha kuyataja maovu ya utawala ule. Alichokataa ni kutawaliwa na chuki. Amin alifariki uhamishoni Saudia mwaka 2003, bila kufikishwa mahakamani. Kama aliupita mlango ule, Mungu ndiye ajuaye.